Mgonjwa wa Saratani Naye Anahitaji Somo



Leo hatuzungumzii mishono wala mapishi. Tuna jambo limetukaa moyoni tangu mwaka jana, nalo ni hali ya wanawake wenzetu wanaougua saratani, hasa ule upande wa ugonjwa ambao haupimwi kwa mashine. Sisi si madaktari. Ni mafundi wa cherehani, wanawake wanne ndani ya duka moja, tunashona madira, mabuibui na sare za skuli. Lakini fundi wa nguo za kike huona mengi. Mwanamke huvua buibui mbele yetu, tukamzungushia utepe, tukajua kapungua wapi na kaongezeka wapi kabla hata mumewe hajajua.

Na hapo ndipo kosa letu lilipoanzia.

Tuna mteja wetu wa miaka mingi. Siku moja alikuja kushona nguo ya Idi. Tulipompima kifua aliukamata mkono wa fundi, akasema, "Hapa usikaze, shoga. Iache pana." Tukacheka. Tukamtania kuwa mume kamletea jambo, ana mimba huyu. Naye akacheka na sisi. Kumbe alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, mwenyewe anaujua, na siku ile alitamani mtu amuulize. Hayo alituambia baadaye sana. Tangu siku ile mpaka alipofika kwa daktari ilipita miezi minane.

Tunaanza na kosa letu ili asije mtu akadhani tumekuja kuwasema wauguzi peke yao. Watu wa kwanza kumwacha peke yake tulikuwa sisi.

Somo ni nani

Kwetu visiwani, tangu enzi za bibi zetu, mtoto wa kike haingizwi kwenye ndoa peke yake. Hupewa somo. Somo si mama yake, maana mama huonewa haya. Si mkunga, wala si mume. Ni mwanamke aliyekwisha pita njia ile, anakaa na mwari, anamwambia yatakayomkuta, anamsikiliza hofu zake, anamfundisha usafi na siri za chumbani, na mambo yakiharibika yeye ndiye wa kwanza kuitwa.

Mwanamke anapoambiwa ana saratani anaingia chumba kigeni kuliko kile cha harusi. Anakatwa, anachomwa sindano zinazomwaga nywele, anavuliwa mbele ya watu asiowajua. Humo anaingia bila somo. Maoni yetu ni haya: muuguzi ndiye anayeweza kuwa somo wa mgonjwa huyu, na hospitali zetu ziihesabu kazi hiyo kuwa ni matibabu kama ilivyo dripu na kidonge. Isiachwe iwe hisani ya muuguzi mmoja mwenye moyo mzuri. Na sisi wa nje tuna fungu letu, tutalitaja.

Wauguzi wawili

Mteja wetu alikutana na wauguzi wawili katika safari yake. Wa kwanza, kwenye hospitali moja ambayo hatutaitaja, alitoka mlangoni na mafaili mkononi akaita kwa sauti, "Wa matiti wako wapi? Wa matiti kaeni huku!" Ukumbi mzima ukageuka. Pale alikuwepo wifi yake aliyekuja kumpeleka mtoto. Mteja wetu hakuwa bado amemwambia mtu yeyote ukweni. Jioni ile habari ilikuwa imeshafika mpaka shamba.

Hatudhani yule muuguzi alikuwa mbaya. Alikuwa na wagonjwa wengi na alitaka foleni iende. Lakini kwa sentensi moja aliifungua siri ambayo haikuwa yake.

Wa pili alikutana naye baada ya kukatwa titi. Huyu alivuta kiti. Mteja wetu anapohadithia huwa anaanzia hapo kila mara, kwenye kile kiti. Alikaa, akamuuliza maswali matatu tu: "Nyumbani nani anajua? Nani anakusaidia? Na kitu gani kinakutisha zaidi?"

Alidhani atajibu kifo. Akajikuta anasema, "Namuogopa mume wangu akiona kovu." Kisha akalia, kilio cha kwanza tangu siku aliyopewa majibu.

Muuguzi hakumwambia "nyamaza, una imani gani wewe." Alimwacha alie. Halafu akamuomba ruhusa, je, siku ya kubadilisha bendeji mume aitwe? Akakubali. Mume alikuja, akaonyeshwa kidonda taratibu, akaelezwa kuwa saratani haiambukizwi kwa kula sahani moja wala kulala kitanda kimoja. Kumbe hilo ndilo lililokuwa likimkimbiza yule bwana, si kovu. Aliona haya kuuliza. Wiki mbili baadaye yeye ndiye aliyekuwa akimfunga mkewe bendeji nyumbani.

Kile kiti kilichukua dakika ngapi? Pengine kumi. Hizo dakika kumi zimeokoa nyumba ya watu.

Maumivu hayakai mwilini peke yake

Haya si mawazo ya mafundi cherehani. Huko Uingereza alikuwepo mwanamke aitwaye Cicely Saunders. Alianza kwa uuguzi, akawa afisa wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akasomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua jijini London nyumba ya kuwatunza wagonjwa mahututi, St Christopher's. Alichofundisha ni kwamba mgonjwa wa saratani ana maumivu ya aina nne kwa pamoja: ya mwili, ya moyo, ya maisha yake na watu, na ya roho yake na Mola wake. Ukitibu moja ukaacha matatu, mgonjwa bado anaumia, na hata dawa ya maumivu ya mwili haitamtosha.

Na sisi Waislamu tusione kuwa ni jambo la kuazima ng'ambo. Rufaida wa kabila la Aslam, Radhi za Allah ziwe juu yake, ndiye anayetajwa kuwa muuguzi wa mwanzo katika Uislamu. Hema lake lilipigwa msikitini kwa Mtume (S.A.W.) pale Madina, na Saad bin Muadh alipojeruhiwa vita vya Khandaq alipelekwa humo. Mtume mwenyewe alikuwa akipita kumjulia hali. Hebu fikirini maana yake. Mgonjwa alilazwa penye ibada na penye watu, palipo na mtu wa kumuuliza umeamkaje. Hakufichwa nyuma ya nyumba.

Bibi aliyeacha kuswali

Kisa cha pili ndicho kilichotufanya tuandike.

Jirani ya duka letu alikuwepo bibi, mtu wa makamo ya mama zetu. Alipata saratani ya shingo ya kizazi, ambayo ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi Tanzania, ikifuatiwa na ya matiti. Kama ilivyo kwa wengi, alichelewa. Alikuwa akitoka damu, akadhani ni mambo ya utu uzima. Alipojulikana, ugonjwa ulikuwa umeshasambaa.

Tulikuwa tukienda kumtazama kwa zamu. Tunampelekea uji, tunakaa, tunamsomea Yaasin, tunaondoka. Hatukuona kitu. Mpaka muuguzi aliyekuwa akija nyumbani kumsafisha akamuuliza swali ambalo sisi, watu wa dini, hatukulifikiria: "Bibi, unaswali?"

Bibi akageukia ukutani. Akasema hajaswali miezi saba. Damu haikomi, na harufu anaisikia mwenyewe, atasimama vipi mbele ya Mola wake? Alijiona najisi, akaamini atakufa akiwa hana swala. Zile Yaasin zote tulizomsomea, alikuwa akizisikiliza kama mtu aliyefungiwa nje ya mlango.

Muuguzi yule hakujitia ushekhe. Alisema maneno mawili tu: "Tumuulize ustadha." Akaja ustadha wa madrasa ya mtaani, akamfahamisha kwamba damu ya ugonjwa isiyokoma si hedhi, ni istihadha, na haimzuii mwanamke swala. Anajisafisha, anajifunga, anatia udhu wakati wa swala ukiingia, anaswali. Asiyeweza kusimama anakaa, asiyeweza kukaa analala ubavu, asiyeweza maji anatayamamu. Na kila mwenye hali yake amuulize mjuzi, maana hali hazifanani.

Kuhusu harufu, muuguzi alikuwa na dawa. Kuna vidonge vya metronidazole ambavyo wauguzi waliofunzwa huvisaga na kuvitia kwenye vidonda vya saratani ili kupunguza harufu. Jambo la vidonge! Miezi saba mtu amejitenga na watoto, wajukuu na Mola wake, na dawa ipo, ila hakuna aliyeuliza.

Bibi aliswali wiki zake tano za mwisho, kwa ishara, akiwa kitandani, na mtandio mweupe tuliomshonea. Alifariki siku ya Alkhamisi. Allah amrehemu na ailaze roho yake mahali pema. Ndiyo maana tunasema swali la muuguzi ni dawa.

Bahari katikati

Sisi wa visiwani tuna mzigo wa ziada, nao ni bahari. Wagonjwa wengi wanaohitaji mionzi huvuka kwenda Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, ambayo imekuwa taasisi kwa sheria tangu mwaka 1996. Mionzi haipigwi siku moja ikaisha. Kwa saratani ya shingo ya kizazi mara nyingi ni wiki tano au zaidi, siku tano kwa wiki. Anayetoka Pemba anapanda boti Mkoani, anashuka Unguja, anapanda tena.

Wiki zote hizo mwanamke analala wapi? Kwa jamaa, Magomeni au Temeke, chumba cha watu, akiona haya kutapika kwenye choo cha wenyewe. Watoto kawaacha kwa jirani, biashara yake ya maandazi imesimama, na mchezo aliokuwa akicheza na wenzake umempita. Baadhi yao hukatisha matibabu njiani. Watu wakisikia husema, "Kakata tamaa." Huenda tamaa anayo, alichokosa ni nauli na mtu wa kumshikia mtoto.

Muuguzi hawezi kumlipia mtu boti. Lakini anaweza kumuuliza kabla hajasafiri: utafikia wapi, nani atakaa na wanao, pesa zitakwisha lini? Na ikiwa hospitali ina afisa ustawi wa jamii, anaweza kumpeleka mlangoni kwake badala ya kusubiri mgonjwa atoroke. Tungependa pia kila mgonjwa anayevuka awe na namba ya muuguzi mmoja wa huku nyumbani wa kumpigia. Sauti ya mtu anayekujua ni kitu kikubwa ukiwa ugenini.

"Wauguzi ni wachache"

Tulipowaeleza watu mawazo haya, jibu la kwanza lilikuwa hilo. Muuguzi mmoja, vitanda vingi, wewe unamtaka akae kwenye kiti apige soga? Ni kweli, na hatutaki kuwabebesha wanawake wenzetu mzigo mwingine juu ya mzigo. Nao ni binadamu, wanazika wagonjwa waliowazoea, na nani anawauliza wao wameamkaje?

Lakini tunasema mambo mawili. Kwanza, mengi tunayoyaomba hayataki muda. Kuita mtu kwa jina lake badala ya kiungo chake hakuongezi dakika. Kuvuta pazia kabla ya kumfunua hakuongezi. Kumuuliza mwanamke mwenyewe "nani tumwambie?" kabla ya kumwita mume au kaka na kumpa majibu yeye kwanza, hakuongezi. Mwili ni wake, na habari ni yake.

Pili, palipo na nia muuguzi hupewa nafasi. Jirani zetu Uganda wanaweza kutufunza. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha huko Hospice Africa Uganda, wakawa wanawafuata wagonjwa majumbani na kuwapa mofini ya maji ya kunywa kutuliza maumivu. Na tangu mwaka 2004 wauguzi waliosomea fani hiyo wameruhusiwa kisheria kuandika mofini wenyewe. Nchi si tajiri kuliko sisi. Waliona tu kuwa muuguzi ndiye anayekaa na mgonjwa, basi wakampa elimu na mamlaka. Nasi tunaomba waganga wakuu na wakuu wa vyuo vyetu vya uuguzi waitazame njia hiyo, na somo la kuzungumza na mgonjwa lifundishwe na kutahiniwa kama linavyotahiniwa somo la sindano.

Fungu letu

Sasa turudi kwetu, maana kusema ya hospitali ni rahisi.

Kumtazama mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya mwenzake, sote tumelisoma hilo chuoni tangu wadogo. Lakini angalieni tunavyokwenda. Tunaingia kumi kwa mpigo, tunamkodolea macho, tunamhadithia shangazi wa fulani aliyekuwa na ugonjwa huu huu akafa. Tunamwambia ni husda, ni kijicho, ni jini, mpaka anaacha dawa anazunguka kwa waganga miezi. Dua na ruqya ni zetu, hakuna anayezikataza. Zisitumike tu kumtoa mtu hospitali. Na kuna wanaomwambia mgonjwa akilia ni upungufu wa imani. Nabii Yaaqub (A.S.) alimlilia Yusuf mpaka macho yakaingia weupe, na alikuwa Nabii. Machozi si kufuru.

Kwa hiyo sisi wanne tumewekeana utaratibu, na tunauandika hapa ili mtusute tukiuacha.

Tukienda kwa mgonjwa tunakwenda wawili, robo saa, na tunauliza, "Leo unataka tuzungumze au tunyamaze tu?" Mikono haikai bure. Mmoja anafua, mmoja anaosha vyombo.

Kila mwezi tunatenga kidogo katika mapato ya duka kwa nauli ya boti ya mtu mmoja na mwenziwe. Si kubwa, lakini ipo.

Dukani tunashona vitu vyao bila malipo. Aliyekatwa titi, kovu likishapona, tunamshonea titi la kitambaa la kuvaa ndani ya sidiria. Nje pamba laini, ndani kifuko chenye uwele ili lipate uzito na lisipande juu, na siku ya kufua uwele unatolewa. Aliyetolewa tezi za kwapani mkono wake huweza kuvimba, kwa hiyo mkono wa nguo tunauacha mpana na mpira hatutii. Aliye kwenye mionzi ngozi yake inawaka, hatumpi lesi wala nailoni, tunampa khanga iliyofuliwa ikalainika. Anayemwagika nywele tunamshonea kofia nyepesi ya kuvaa chini ya ushungi. Yule mteja wetu alipovaa lake mara ya kwanza alijitazama kwenye kioo cha duka kimya muda mrefu, kisha akasema, "Hebu nipimeni kifua. Safari hii kazeni."

Na tukimpima mwanamke akatuzuia mkono, hatucheki tena. Tunafunga pazia, tunamuuliza: "Pana nini hapo, dada?" Wawili tumeshawasindikiza kupimwa. Mmoja ilikuwa jipu tu, alhamdulillah. Wa pili bado anatibiwa, na amewahi.

La mwisho ni kwa wenye watoto wa kike. Chanjo ya kukinga virusi vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na sasa ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Msisikilize maneno ya mitaani kuwa inafunga kizazi. Mpelekeni mtoto.

Kwa wauguzi wetu: mnaovuta kiti, Allah awalipe kheri, na tunawaomba mumfundishe na mwenzenu. Dada unayesoma ukiwa mgonjwa, ukipata wa kukuuliza, usiseme "sijambo" kwa adabu. Sema linalokuuma. Na usipopata wa kukuuliza, njoo dukani. Kiti kipo.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotangulia, na utujaalie tuwe faraja, tusiwe mzigo. Amin.

Wabillahi tawfiq.